Tulikwenda Uporoto Kuuliza Habari za Maji

Sababu ya safari hii ilikuwa ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa kati yangu na shemeji yangu Gaudensi, mdogo wa mume wangu.

Sisi ni watu wa Ilula, mkoani Iringa. Juu ya kitongoji chetu kuna kichaka cha miti ya asili kinachozunguka chemchemi, na tangu enzi za babu zetu hakuna aliyeruhusiwa kuingia humo na shoka. Maji ya chemchemi hushuka bondeni, na bondeni ndiko akina mama walikolima vinyungu, yaani matuta ya kiangazi kwenye ardhi yenye unyevu. Mashamba ya mlimani yanapokauka, kinyungu kinakupa mahindi mabichi, maharage na maboga. Nilipokuwa msichana kwetu Kalenga, na hata miaka ya kwanza baada ya kuolewa Ilula, mwezi wa njaa niliusikia tu. Siku hizi tumefahamiana nao. Bonde lote limekuwa nyanya, nyanya zinataka maji mengi, na maji yanapungua kila kiangazi. Nyanya zetu ni nzuri, hilo silikatai, lakini ikifika Januari karibu kila nyumba inanunua unga.

Gaudensi alikuwa na dawa yake. Kwenye mkutano wa kijiji alisimama, akavua kofia, akasema kwa ile sauti yake inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara kuu:

"Ardhi yenye rutuba imebaki moja tu, nayo tunaiatamia kama mayai viza. Kile kichaka! Tufyeke, tugawane, kila mtu alime mahindi yake. Mimi ni Mkatoliki, nimebatizwa, siogopi miti."

Watu walicheka, na wengi wakapiga makofi. Nikasimama nikasema tukifyeka tutakula misimu miwili, halafu hata maji ya kunywa tutayatafuta kwa ndoo. Akaniuliza nimejuaje. Nikamkumbuka Mama Salome, mama mmoja Msafwa anayesafirisha viazi. Lori alilopanda liliwahi kuharibika karibu na kwetu, akalala nyumbani kwangu akisubiri spea. Alinisimulia kwamba kwao, kwenye milima ya Uporoto juu ya Uyole, wanakijiji wenyewe wanasimamia msitu wao wa mila, na maji yake yanawalisha mwaka mzima. Nilipoyasema hayo, mwenyekiti akapiga meza.

"Basi nendeni mkaone. Nendeni wote wawili, anayetaka kufyeka na asiyetaka. Mkirudi mtatuambia, ndipo tutaamua."

Nilimpigia simu Mama Salome, naye akatuchagulia wiki ya kwenda. Alfajiri ya Jumatano, mwishoni mwa Septemba, tulisimama kando ya barabara tukisubiri basi la Mbeya. Mume wangu alitusindikiza. Alinipa sweta lake zito, akamgeukia mdogo wake.

"Usimchokoze shemeji yako njiani."

"Nani amchokoze nani?" Gaudensi akajibu. "Huyu ndiye atakayenihubiria mpaka Uyole!"

Sikumhubiria. Basi lilipopita chini ya mji wa Iringa, pale Ipogolo, alikuwa ameshalala, mdomo wazi. Mafinga palituamkia kwa harufu ya mbao mbichi iliyoingia madirishani, na malori ya magogo yamepangana kama yanasubiri harusi. Baada ya Makambako nchi ilianza kushuka, baridi ikapungua, na tulipovuka Igawa jua lilikuwa kali na mbele yetu ikatandazwa Usangu: tambarare isiyo na mwisho, mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ng'ombe wakila mabua, na upande wa kushoto ukuta wa milima ya buluu. Gaudensi akaamka, akatazama mashamba yale kwa jicho la mkulima.

"Ona ardhi hii," akasema. "Hapa hakuna kichaka hata kimoja na wanakula wali."

"Na maji ya huo mpunga yanatoka wapi?"

Akanyoosha kidole juu. "Mbinguni," akasema, tukacheka wote wawili.

Uyole tulifika mchana. Kama hujawahi kushuka Uyole, jiandae: malori ya kwenda mpakani yanapuliza honi, wauza ndizi wanakimbilia basi kabla halijasimama, na soko limejaa viazi, karoti na kabichi kubwa kuliko kichwa cha mtu. Mama Salome alikuwa amesimama katikati ya vurugu hizo, amejifunga kitenge juu ya koti la baridi. Ni mama mnene, mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Alinikumbatia mpaka miguu ikaachana na ardhi.

"Umeniletea na shemeji! Ndiye yule anayetaka kufyeka?"

"Ndiye mimi, mama," Gaudensi akasema, amejikaza.

"Karibu sana. Panda gari, tukakulishe kwanza. Mtu mwenye njaa haoni vizuri."

Gari lenyewe lilikuwa kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, na tulikaa juu ya magunia matupu tukiifuata barabara ya Tukuyu. Kadiri tulivyopanda ndivyo upepo ulivyozidi kuwa mkali, nikalibariki sweta la mume wangu. Tukaiacha lami, tukaingia njia ya udongo mwekundu. Kilichonishangaza ni rangi. Huku kwetu Septemba ni mwezi wa kahawia. Kule miteremko ilikuwa na viraka vya kijani kibichi, viazi vikiwa na maua meupe, njegere, vitunguu, na kati ya viraka hivyo mifereji myembamba iking'aa kama nyuzi. Gaudensi alikuwa anahesabu viraka kwa macho.

Jioni, jikoni kwa Mama Salome, tulikula viazi vilivyochemshwa na maganda yake, njegere za kuunga na maziwa ya moto. Mume wake alikuwa amekwenda Tukuyu kwa ndugu, kwa hiyo mwenyeji wetu alikuwa yeye peke yake, na alitosha. Gaudensi alirudia sahani mara mbili, kisha akauliza alichotumwa na moyo wake kuuliza.

"Mama, hapa mwezi wa kwanza mnakula nini?"

"Kama unavyokula sasa. Viazi vya mfereji vikiisha, yapo majimbi kule kwenye tope. Majimbi yakichosha, mvua zikianza uyoga unaota msituni, na siku za kuuchuma zinatangazwa. Mwaka jana mvua zilichelewa sana. Tulikula bila kubadilisha idadi ya milo." Akamwongezea maziwa. "Kesho utakutana na Mwene. Umuulize yeye vizuri."

Mwene ni cheo cha chifu wa Wasafwa. Usiku ule nililala nikimwona mzee wa mvi na fimbo, na nikamwonea huruma kwa maswali ya Gaudensi.

Asubuhi ya Alhamisi Mama Salome alitupeleka senta, kwenye kibanda chenye pikipiki zilizofunguliwa injini. Kijana mmoja wa miaka kama thelathini na tano alitoka chini ya pikipiki, ovaroli yake imejaa grisi. Mama Salome akapiga goti kidogo na kumsalimu kwa Kisafwa. Gaudensi akanitazama, nami nikamtazama.

"Msinipe mikono, nitawachafua," yule fundi akasema. "Mimi ndiye Mwene. Baba yangu mkubwa alipofariki ukoo ukaniita, nikawaambia nitakubali lakini gereji siachi. Karibuni. Kaeni hapo kwenye tairi."

Tukakaa kwenye tairi. Gaudensi hakupoteza muda. Akaeleza kichaka chetu, njaa yetu ya Januari, na rai yake ya kufyeka. Alieleza vizuri, bila kuficha kitu, na nilimheshimu kwa hilo. Mwene alisikiliza huku akisafisha plagi kwa kitambaa.

"Nikuulize," Gaudensi akamalizia. "Mnatunza msitu kwa sababu ya mizimu, au kwa sababu ya maji? Maana mimi mambo ya mizimu hapana."

"Kaka, mimi Jumapili naimba besi kwenye kwaya," Mwene akajibu. "Na mara moja kwa mwaka naingia msituni na wazee wa ukoo, tunawataja waliotangulia kuutunza, tunatoka. Sijaona vitu hivyo viwili vikipigana. Lakini kama unataka ya maji, ya maji yapo. Twende."

Aliweka ovaroli pembeni, akavaa koti, tukapanda mlima.

Msitu wenyewe si mkubwa. Unaweza kuuzunguka kabla chai haijapoa, kama si ile miteremko. Una miti minene yenye ndevu za kuvu, mianzi, na pale chini penye unyevu kuna mivengi, ile miti ya pembeni mwa maji ambayo hata kwetu ipo. Ukiingia, upepo unakatika ghafla kama umefunga mlango. Ardhi ni laini, inabonyea chini ya mguu. Mwene alituonyesha mahali maji yanapochipuka, wanapoita macho. Macho mawili yalikuwa yanatoa maji safi, baridi mpaka meno yanauma. La tatu, upande wa mashariki, lilikuwa shimo kavu lenye majani.

"Baba mkubwa alipougua muda mrefu, hakukuwa na wa kukemea," Mwene alisema. "Watu wa upande huu wakaingia, wakakata, wakalima viazi. Vilizaa kweli, siwezi kudanganya. Msimu wa pili bado vikazaa. Kisha jicho hili likafa, na kitongoji cha mashariki kikakaa bila mfereji. Tangu niliposimikwa tumewaomba wenye mashamba wayaachie, tumepanda mivengi, tumeacha mianzi ijirudie yenyewe. Ona, mingine imenipita kimo. Lakini maji bado."

"Yatarudi?" niliuliza.

"Sijui, dada. Tumepanda tu."

Gaudensi alizunguka lile shimo, akachutama, akachukua udongo akausugua kwenye kiganja. "Na huyo aliyeachia shamba, anakula nini sasa?"

"Swali zuri. Tulimpa sehemu kwenye mfereji wa juu. Kila familia ilisogeza tuta moja. Haikuwa rahisi, kulikuwa na maneno mengi. Lakini huwezi kumwambia mtu asilime halafu ukamwacha na watoto wake."

Niliona shemeji yangu akiitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei na kuona si mbaya.

Tulipotoka msituni tulisimama kwenye mgongo wa mlima. Chini kabisa, kupitia ukungu mwepesi, ilionekana tambarare ya Usangu tuliyoipita jana. Mama Salome akanikamata bega.

"Kwenu, kando ya mkondo wa maji, kuna miti gani?"

"Milingoti, ile mikaratusi."

"Ya nani?"

Nikasita. "Ya kwetu. Mume wangu aliipanda kwa ajili ya kupaua nyumba mpya."

Gaudensi alirukaruka kwa furaha kama mtoto. "Semeni tena! Mlingoti unakunywa kiasi gani, Mwene? Mweleze shemeji yangu, maana nyumbani mimi ndiye adui wa maji!"

Mwene akaeleza kwa upole kwamba mlingoti ni mti mzuri, mahali pake ni mlimani penye ardhi kavu, na ukiukaribisha kwenye mkondo umekaribisha mgeni anayemaliza mtungi peke yake. Nilicheka pamoja nao, lakini ndani nilikuwa naona uso wa mume wangu akizitazama nguzo zake za kupaulia. Miti ile tuliipanda Neema, binti yetu, akiwa mgongoni.

Ijumaa ilikuwa siku ya kusafisha mfereji, na ni kwa ajili ya siku hiyo hasa Mama Salome alituita wiki ile. Jua halijashika vizuri, tukasikia ngoma zikipanda mlima. Nikatoka nje. Lori dogo lilikuwa limesimama chini ya kijiji, na wanaume kwa wanawake walikuwa wanashuka, wamevaa makoti makubwa ya mitumba, skafu na kofia za sufu katika asubuhi ambayo wenyeji walitembea na mashati. Walibeba majembe na magunia ya mchele.

"Mwangaluka!" baba mmoja mrefu akatusalimu kwa sauti kubwa, kwa Kisukuma.

"Hao ni wakwe zangu!" Mama Salome akapiga vigelegele, akakimbia.

Binti yake Salome ameolewa Usangu, chini karibu na Igurusi, kwenye familia ya wafugaji Wasukuma waliohama kutoka kaskazini. Yule mrefu alikuwa baba mkwe wake, Baba Kulwa. Wanakuja kila mwaka na majirani zao, wanaleta mchele, wanasafisha mfereji siku nzima, wanarudi na viazi vya kula na vya mbegu.

Kazi ilianzia kwenye macho ya maji na kushuka. Tulipangwa mstari mmoja, mwenyeji, mgeni, mwenyeji, mgeni. Wanaume walichimba tope lililojaa, sisi tulizoa majani na kuweka mawe kwenye kingo. Wasukuma waliimba, na nyimbo zao zina mahali pa jembe kuanguka, hivyo usipoimba unachelewa. Wasafwa wakajibu na zao. Gaudensi, ambaye hajui Kisukuma wala Kisafwa, aliimba zote mbili kwa Kihehe, na kwa sauti yake ile hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea.

Wakati wa kupumzika alimgeukia Baba Kulwa.

"Mzee wangu, nikuulize. Wewe uko chini kule, safari yote ile. Huu msitu unakuhusu nini?"

Baba Kulwa alifuta jasho kwa ile kofia ya sufu ambayo hakukubali kuivua. "Tulipofika Usangu tulifikiri maji ni ya yule aliyeyakuta. Tuligombana na kila mtu, wenye mpunga, wenye ng'ombe, Wasangu wenyeji. Kijana wangu akaoa huku. Siku ya kuleta mahari nikaonyeshwa haya macho. Nikasimama hapa nikatazama chini, nikaliona shamba langu." Akanyoosha mkono kuelekea kwenye ukungu. "Tangu siku hiyo, mvua ikichelewa naanza kuulizia hali ya huku kabla sijaulizia ya kwangu. Wali ninaokula umeanza kupikwa hapa."

"Na wakikunyima?"

"Hawawezi kuninyima. Mimi nimechimba."

Baada ya hapo Mwene aliomba watu wachache wakaondoe majani kwenye lile jicho la tatu, ili lisionekane limetupwa. Gaudensi alijitolea wa kwanza. Mimi nilikuwa nyuma yake na karai. Alizoa majani, akapiga jembe mara kadhaa kulegeza udongo. Kisha akapiga tena, na mlio ukabadilika. Ulikuwa mlio wa tope, ule wa kunyonya jembe.

Akasimama. Akapiga tena taratibu, akavuta. Shimo dogo aliloliacha likaanza kujaa, kwanza kama jasho tu, halafu kukawa na maji ya kutosha kuzamisha kidole.

"Shemeji," akaniita, na kwa mara ya kwanza maishani sauti yake ilikuwa ndogo. "Shemeji, njoo uone. Au macho yangu?"

Nikapiga magoti. Maji yalikuwa ya udongo, lakini chini yake chembe za mchanga zilikuwa zinachezacheza, zinasukumwa kutoka ndani.

"Si macho yako," nikamwambia.

Hapo sauti yake ikamrudia yote. "Mweneeee! Maji! Limefunguka! Maji!"

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Watu walikuja wakikimbia mfereji mzima, wameacha majembe. Akina mama wa kitongoji cha mashariki walifika wakaona, mmoja akakaa chini kabisa kwenye tope na kanga yake safi, akawa anacheka na kulia pamoja. Mwene aliingia shimoni na viatu, akachota kwa viganja, akajipaka usoni, akabaki na masharubu ya tope. Wasukuma walicheza mpaka makoti yakavuliwa. Mama Salome aliniinua tena kutoka ardhini. Na shemeji yangu, Mkatoliki asiyeogopa miti, alibebwa juu juu mpaka kwenye kingo za mfereji, akipiga kelele kwamba wamwangalie mgongo, mgongo ni wa zamani.

Mwene akaonya kwamba bado ni maji kidogo, yangoje mvua mbili tatu kabla ya kuyategemea. Hakuna aliyemsikiliza sana.

Alasiri tulikula. Hapo ndipo tulipomjua mpishi. Sheria yao ni kwamba mtu akikutwa amekata kitu msituni bila ruhusa, anapikia watu wote siku ya mfereji. Mwaka huu alikuwa bwana mmoja aliyekata mianzi ya uzio. Alivaa aproni ya mke wake, anakoroga sufuria kubwa la wali na jingine la viazi na maharage, na kila aliyepita alimpa ushauri wa chumvi.

"Mwakani nitakata mwanzi mwingine," alitutania akigawa. "Nimegundua kipaji changu."

Nilikula wali wa Usangu na maharage ya Uporoto kwenye sahani moja. Gaudensi alikaa kati ya Mwene na Baba Kulwa, watatu hao wakibishana habari za mbegu mpaka jua likaegemea milima.

Jumamosi asubuhi tuliagana. Mama Salome alitupa gunia la mbegu za viazi na kikapu cha majimbi ya kupanda, akalia kidogo, akacheka sana. Tulishuka na lori la wakwe zake hadi Igurusi, tukapanda basi la Iringa. Tulipokuwa tunavuka tambarare, Gaudensi hakulala.

"Shemeji, sisi maji yetu yakitoka bondeni yanakwenda wapi?"

"Kwa watu wa kitongoji cha chini."

"Wale tunaogombana nao kila kiangazi. Wanasema tunawafungia maji." Tulipofika Igawa akanigeukia. "Hivi kwenye ule mkutano wa kichaka, walikuwepo?"

Hawakuwepo. Hakuna aliyekumbuka kuwaita, hata mimi niliyejiona mtetezi wa maji.

Jioni tuliposhuka Ilula hatukwenda mkutanoni kwanza. Nilikwenda kwa mume wangu. Nilimsimulia yote, la milingoti nikaliacha mwisho. Alitoka nje akasimama akiitazama miti yake. Niliacha ugali upoe. Aliporudi alisema, "Tutapaua nyumba ndogo zaidi. Lakini nitaikata mwenyewe, asiiguse Gaudensi." Nilimpenda upya jioni ile.

Kesho yake, baada ya ibada, mimi na shemeji tulishuka kitongoji cha chini. Walitupokea kwa baridi. Mama mmoja, Mama Tulia, alitoka na mchi mkononi akauliza kama tumekuja kutangaza vita. Gaudensi akavua kofia, akamsalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mama. Tumekuja kuwaalika. Tunataka kuamua habari za chemchemi, na tumeona hatuwezi kuamua bila ninyi."

Mama Tulia alimtazama, akamtazama tena, akaweka mchi chini.

Siku ya mkutano walikuja wote. Gaudensi ndiye aliyesimama kusema, nami niliona watu waliompigia makofi mara ya kwanza wakijiandaa kupiga tena. Akawasimulia msitu, wali, mpishi wa aproni, na lile shimo. "Nilikwenda kutafuta ruhusa ya kufyeka," akasema. "Nimepiga jembe mahali palipokufa, maji yakanitokea miguuni. Mimi kichaka sikigusi. Lakini na njaa pia siikubali! Kwa hiyo nusu ya bonde irudi kuwa vinyungu, ya kula, ya watu wa juu na wa chini. Nyanya zibaki nusu nyingine."

Kulikuwa na maneno mengi, kama Mwene alivyotuonya. Wenye nyanya walipinga, wengine waliondoka wakarudi. Wapo wasiokubali mpaka leo. Lakini mikono iliyoinuliwa ilikuwa mingi, na mkubwa zaidi ulikuwa wa mume wangu, ambaye wiki ile ile aliangusha milingoti yote huku watu wa kitongoji cha chini wakimsaidia kubeba.

Nasi tukajiwekea siku ya kusafisha chemchemi, na siku hiyo nilipika kwa ajili ya watu wa kwetu na wachache wa chini. Walikuja kitongoji kizima, na watoto, na majembe, na sufuria zao. Ugali niliusonga mara tatu na bado haukutosha, tukakimbilia kwa majirani kuomba unga.

Nilipoondoka Ilula nilidhani nakwenda kujifunza kutunza miti. Nimejifunza kwamba miti inatunzwa na walaji wake, wote, wakikaa pamoja, na kwamba mtu aliyesahauliwa mezani ndiye huyo huyo atakayekuja na shoka, na huwezi kumlaumu. Maji yetu hayajaongezeka kwa maajabu. Kiangazi kile hayakupungua, basi, na kwetu hilo lilitosha.

Januari hii mvua zilikuwa za kusuasua, na mahindi ya mlimani yalikuwa bado machanga. Asubuhi moja nilikuwa nafagia uwanja nikasikia naitwa kutoka bondeni. Alikuwa Mama Tulia, amesimama katikati ya kinyungu, umande umemlowesha mpaka magotini.

"Mama Neema! Unasubiri nini huko juu? Maboga yanatuozea!"

Nikachukua kikapu, nikashuka.